Ningemwita Daktari

Matokeo ya mtihani wa mdomo yalimkuta Sista Haraka kapiga magoti chini ya kitanda cha mgonjwa wa ngiri, akimtafutia kandambili yake iliyopotea. Simu ikatetemeka mfukoni mwa sare. Akaichomoa akiwa bado kule chini, kichwa kikigusana na chuma cha kitanda, akasoma. Ameshindwa. Na chini ya neno hilo mtahini alikuwa ameandika maelezo mafupi: mtahiniwa ana maarifa ya kutosha, lakini kila swali aliloulizwa alilimalizia kwa jibu moja, "Ningemwita daktari."

"Sista, umeiona?" mgonjwa akauliza kutoka juu.

"Nimeiona," akasema, na kandambili yenyewe hata hakuwa ameigusa.

Jina la Haraka alipewa na wagonjwa wa wodi ya upasuaji ya wanaume, na lilimkaa sawasawa. Mwanamke huyu kutembea kwake ni kukimbia, na kukimbia kwake usiombe ukutane nako mlangoni. Ana watoto wawili, ana mume dereva wa lori ambaye nyumbani huonekana kama mgeni rasmi, ana zamu zisizo na huruma, na juu ya yote hayo, miaka minne nyuma, akajitwika shahada ya uuguzi kwa masafa. Watu wakamwambia amechanganyikiwa. Cheti unacho, kazi unayo, unatafuta nini tena? Hakujua namna ya kulieleza: kwamba alikuwa akiona mambo mengi kwa wagonjwa ambayo hakuwa na maneno yake, na maneno aliyataka.

Basi akasoma. Chuo chenyewe hajawahi kukanyaga hata kizingiti chake. Kwake yeye chuo kilikaa ndani ya simu na ndani ya kompyuta kuukuu iliyong'oka herufi moja. Mihadhara aliisikiliza akifua, akimenya viazi, akisubiri mashuka ya wodi yarudi kutoka kwa dobi. Figo alizisoma jikoni, moyo akausoma bafuni. Mwanawe wa mwisho, ambaye kwa uharibifu wake nyumba nzima ilimwita Tingatinga, alizoea kulazwa kwa sauti ya mhadhiri akieleza mzunguko wa damu, hata ukimwimbia wimbo wa watoto anakasirika. Binti mkubwa walimwita Mkaguzi, kwa sababu hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kukaguliwa. Huyo ndiye aliyekuwa akimuuliza mama yake maswali mezani, na akikosea anamnyima chumvi.

Mitihani ya kuandika alifaulu yote, tena vizuri. Kilichobaki kilikuwa huu wa mdomo, uso kwa uso na profesa kwenye skrini. Sheria ya chuo ilikuwa fupi: ukianguka unarudia mara moja. Ukianguka tena, huna chako, na miaka yote minne imekwenda na maji.

Kabla hujamcheka, nenda kasimame wodini asubuhi moja uone. Nesi akisema "nadhani", kila mtu anageuka kumtazama kana kwamba kitanda ndicho kilichosema. Siku yake ya kwanza kazini, sista mkongwe aliyempokea alimpa somo ambalo halimo katika kitabu chochote: mikono yako ifanye kila kitu, mdomo wako useme daktari ataamua, na utastaafu salama. Akalishika. Akaona vidonda vikianza kuharibika kabla ya mtu yeyote, akaona homa zikija kabla ya kipimajoto, na kila mara akasema kwa adabu zote, "Daktari, naomba umwangalie huyu wa dirishani." Daktari anakuja, anakuta lile alilokwisha kuliona yeye, anamshukuru kwa kumwita, naye anafurahi siku nzima. Hakuwa mnafiki, wala hakuwa mwoga. Ndivyo kazi ilivyomkunja, akakunjika.

Alifika nyumbani amejiandaa kulia, lakini sebuleni alimkuta mama mkwe wake, na mbele ya mama mkwe mtu halii ovyo. Mama huyu alikuja kusaidia kwa wiki mbili, mwaka ule wa kwanza wa masomo. Wiki mbili hizo ndizo bado zinaendelea. Enzi zake alikuwa mwamuzi wa netiboli, tena wa kuogopwa. Hadi leo akikaa kwenye kochi anakaa ukingoni, magoti tayari, macho yanafuata mpira usioonekana. Kila kitu katika nyumba ile, kuanzia saa ya watoto kuoga hadi pazia la kutundikwa, aliamua yeye, na mkwewe hakuwahi hata siku moja kumwambia hapana.

"Wamekuangusha," mama mkwe akasema, hata viatu mwenzake hajavua.

"Nimeanguka mwenyewe, Mama."

"Kwa nini?"

Akampa simu. Mama mkwe akaisogeza mbali na macho, akasoma, akaileta karibu, akasoma tena.

"Kila swali?"

"Kila swali."

"Hata moja hukubadilisha?"

"Sikujua kama nasema, Mama. Linatoka lenyewe."

Mama mkwe akafikiri. Kisha akatoa maoni ya kitaalamu. "Hilo ni kosa la mguu. Nilikuwa na mchezaji mmoja, fundi kweli kweli, lakini kila akishika mpira anapiga hatua moja ya ziada. Hajui kama anapiga. Ukimwambia anakataa. Dawa yake ni kumpulizia filimbi papo hapo, kila anapokosea, mpaka mguu wenyewe uogope." Akatazama huku na huku. "Filimbi yangu sijui iko wapi. Mkaguzi! Niletee mfuniko wa sufuria ile kubwa, na kijiko."

"Kijiko cha mti au cha chuma, Bibi?"

"Cha chuma. Tunacheza hapa?"

Hivyo ndivyo mazoezi yalivyoanza. Kila jioni kabla ya chakula Tingatinga alilazwa kwenye kochi kuwa mgonjwa, vifungo vya shati wazi, macho kayafumba kwa nguvu kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kulazwa popote. Mkaguzi alisoma kisa kutoka kwenye simu kwa sauti ya kiprofesa. Mama mkwe alikaa pembeni na silaha zake.

"Mgonjwa wako alifanyiwa upasuaji siku tatu zilizopita," Mkaguzi akasoma. "Leo ana homa. Utafanya nini?"

"Napima joto tena nihakikishe. Nafungua bandeji niangalie kidonda, kama kina wekundu, usaha, harufu. Nasikiliza kifua. Naangalia mahali dripu ilipoingilia. Halafu namwita—"

PAAA!

Mgonjwa akaanguka kutoka kwenye kochi kwa kicheko.

"Kosa!" mama mkwe akatangaza. "Mpira kwa wapinzani."

"Lakini Mama, si kuna wakati lazima nimwite?"

"Habari za huko mimi sizijui. Nimeambiwa neno hilo ndilo lililokuangusha, nami nalisubiri hapa hapa."

Siku hiyo mfuniko ulilia mpaka jirani akatuma mtu kuuliza kama kuna sherehe. Siku ya pili mama mkwe akaupanua uwanja. Mkaguzi alikuja jikoni kuuliza kama anaweza kwenda kucheza kwa rafiki yake, naye mama yake, akiwa anakatakata vitunguu, akajibu bila kufikiri, "Muulize Bibi."

PAAA! Nyuma ya sikio kabisa.

"Jamani, Mama! Na hilo nalo?"

"Hilo nalo ni lile lile. Mtoto ni wako. Aende au asiende?"

Sista Haraka akasimama na kisu mkononi. Akagundua kwa mshangao kwamba jibu analo, na alikuwa nalo tangu mwanzo. "Aende," akasema. "Arudi kabla ya giza." Mkaguzi akala kona kabla mtu hajabadili mawazo.

Basi kuanzia hapo mambo yakawa matamu. Wodini ulimi wake ukaanza kusita mahali pake pa zamani, kama mguu unaokumbuka kwamba ngazi ile imevunjika. Daktari wao wa zamu, kijana mpole mwenye usingizi wa kudumu machoni, alimuuliza siku moja hali ya mgonjwa wa dirishani, akasimama kusubiri jibu la siku zote.

"Kidonda kinaanza kutunga usaha," Sista Haraka akasema. "Nimeshachukua sampuli, nimemhamishia pembeni asiwaambukize wenzake, na naona nyuzi mbili za chini zinafaa kutolewa leo."

Daktari akaacha kuandika. "Sista, leo umeamkaje?"

"Vibaya, daktari. Kuna mfuniko wa sufuria kule nyumbani."

Hakuelewa, lakini nyuzi walizitoa pamoja, na tangu hapo akawa anamuuliza maoni yake kabla ya kufungua faili. Ilimfurahisha daktari mwenyewe. Alisema kazi imekuwa nyepesi. Sista Haraka alirudi nyumbani jioni hizo anaongea peke yake barabarani, anajiuliza na kujijibu, moyo unamdunda kwa furaha hata watu wanampisha. Jioni ya mwisho kabla ya mtihani walipitia visa vyote walivyokuwa navyo na mfuniko haukulia hata mara moja. Mama mkwe akauweka chini kwa masikitiko kidogo, kwa kuwa mchezo ulikuwa umemnogea.

Mtihani ulipangwa mchana. Sista Haraka alibadilishana zamu na mwenzake, akafagia chumba cha kulala, akaweka kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, akavaa sare safi ingawa hakuna aliyemwagiza. Masharti aliyajua yote: mtahiniwa akae peke yake, mlango ufungwe, na ikisikika ishara yoyote ya mtu kumsaidia, mtihani unafutwa. Kwa hiyo walikubaliana kwamba mama mkwe awapeleke watoto uwanjani wasirudi mpaka wapigiwe simu. Alisikia viatu vyao vikitoka, akasikia na geti likijifunga. Akapiga moyo konde, akabonyeza.

Profesa akatokea. Alikuwa yule yule wa mara ya kwanza, mwanamke wa makamo, miwani kaipandisha kichwani, mgongoni kwake kabati la vitabu.

"Nionyeshe chumba."

Akaizungusha kompyuta: kitanda, kabati, dirisha, mlango uliofungwa.

"Haya. Tuanze. Na safari hii, dada, nataka kukusikia wewe."

Swali la kwanza lilikuwa la mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha mguu. La pili lilikuwa la mzee aliyekatwa mguu, anayesukuma sahani kila ikiletwa. Akasema atafanya nini yeye, kwanza nini, baadaye nini, na kwa sababu gani. Akaeleza atakavyokwenda kukaa na mzee yule bila sahani mkononi, amuulize anaogopa nini kuhusu kurudi nyumbani. Profesa hakutabasamu, lakini aliandika, na kila alivyozidi kuandika ndivyo Sista Haraka alivyozidi kupata moto. Miguu ilimchezacheza chini ya meza. Wangempa maswali mpaka kesho angeyajibu. Kwa mara ya kwanza alikuwa akiyasikia maarifa yake yote, ya wodini na ya kwenye simu, yakitoka kwa mdomo mmoja, na ilikuwa raha ambayo hakuitegemea.

"La mwisho," Profesa akasema. "Kijana wa ajali ya pikipiki. Amefunguliwa tumbo asubuhi, ameshonwa, amerudishwa wodini ametulia. Sasa hatulii. Anavuta shuka, anageuka huku na huku. Anakwambia, Sista, mimi mzima, nina kiu tu, nipe maji. Unafanya nini?"

Sista Haraka akamwona. Alimwona kabisa, midomo imepauka, jasho la baridi juu ya paji la uso. Wa namna hiyo amewahi kuwashika mkono.

"Simpi maji," akasema. "Namlowanisha midomo kwa pamba, maana huenda akarudi kupasuliwa. Namlaza chali, nainua miguu, namwekea oksijeni. Nashika mapigo ya moyo, na naamini yanakimbia, tena hafifu. Napima presha, na naamini imeshuka. Naangalia bandeji, halafu naingiza mkono chini ya mgongo wake, maana damu hutiririkia huko ukadhani pakavu. Nagusa tumbo kama limekuwa gumu. Naangalia mkojo kwenye mfuko umefikia wapi. Dripu naiachia ikimbie, nafungua njia ya pili mkono wa pili, nachukua damu ikapimwe kundi." Mikono yake ilikuwa inafanya kazi hewani, mbele ya kompyuta, moja baada ya nyingine.

Hapo akafika ukingoni. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, nacho ndicho kile kile. Akajaribu kuzunguka. Apime presha tena? Amwangalie kwa muda kwanza? Akaona wazi kijana wa watu akimfia mikononi huku yeye anatafuta jibu la kumpendeza profesa. Mtu huyu anavuja damu ndani. Anatakiwa kufunguliwa sasa hivi, na nesi hapasui tumbo. Kama ni kuanguka, basi na aanguke.

"Namwita daktari," akasema.

PAAA!

Ilitoka nyuma ya mlango, kali, chuma kwa chuma. Kisha sauti ya mtoto ikasema kwa hofu, "Bibi!"

Sista Haraka akageuka kuutazama mlango.

Profesa akashusha miwani kutoka kichwani, akaivaa. "Hiyo ni nini?"

Uongo ulikuja mbio, tena umeshavaa na viatu: sufuria imeanguka jikoni, paka. Akauacha upite. "Ni mama mkwe wangu, Profesa."

"Masharti unayajua."

"Nayajua. Nilijua wametoka. Nilipoanguka mara ya kwanza alinifanyisha mazoezi. Kila nikisema namwita daktari anagonga mfuniko wa sufuria, kwamba nimekosea. Ni mkono tu, Profesa, umezoea. Zamani alikuwa mwamuzi wa netiboli." Alipojisikia akiyasema hayo, aliona hakuna binadamu atakayeyaamini.

"Fungua mlango."

Akaibeba kompyuta, akafungua. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mfuniko mkono huu, kijiko mkono ule. Mkaguzi alikuwa amemziba Tingatinga mdomo kwa viganja vyote viwili. Geti walilifunga kweli, ila walilifunga wakiwa upande wa ndani.

"Shikamoo, Mama," Profesa akasema.

"Marahaba, mwanangu." Mama mkwe hakujua auweke wapi mfuniko, akaulaza mapajani kama pochi.

"Mbona umegonga?"

"Nimeshindwa kujizuia. Kakosea."

"Una hakika kakosea?"

"Tumehangaika hapa neno hilo lisitoke. Limetoka. Kosa ni kosa."

Upande mmoja wa mdomo wa Profesa ukavutika, akaurudisha mahali pake. Akamgeukia mtahiniwa wake. "Sikiliza, dada. Ishara imesikika, na mimi nimeisikia. Ila ishara yenyewe inakwambia jibu lako ni kosa. Mwamuzi wako amepuliza filimbi, tena ni mkubwa wako. Ukilibadilisha jibu, nitajua majibu haya ni ya nyumba nzima, na tutaishia hapa. Sikwambii kama ni sahihi au si sahihi. Unabaki nalo au unalibadilisha?"

Hapo ndipo penyewe. Sista Haraka akamtazama mama mkwe wake. Huyu ndiye aliyewaogesha watoto wakati yeye anasoma, ndiye aliyemfungulia mlango akirudi kutoka zamu miguu imevimba. Kumkosoa mbele ya mgeni, na wajukuu wanasikia! Lakini kijana wa pikipiki bado alikuwa amelala pale pale, anaomba maji.

"Mama, unisamehe," akasema. "Hapo umekosea wewe."

Mkaguzi akatoa macho. Mama mkwe hakupepesa.

"Sibadilishi, Profesa. Mara ile nilikuwa namwita daktari aje afikiri badala yangu. Leo nimeshafikiri. Namwita kwa sababu kinachohitajika sasa kiko mikononi mwake. Wala simwambii njoo umwone mgonjwa. Namwambia, daktari, kijana wa tumbo anavuja damu ndani. Presha imeshuka, mapigo yanakimbia, tumbo limekuwa gumu. Dripu mbili zinakimbia, damu imekwenda maabara, namwandaa kurudi chumba cha upasuaji. Njoo sasa hivi."

"Daktari anasema hayo ni maumivu ya kawaida," Profesa akarusha papo hapo, sauti ngumu. "Anasema mchome sindano ya maumivu, yeye akimaliza shughuli zake atapita."

Hili halikuwamo katika kisa chochote walichofanyia mazoezi. Hata mfuniko haukuwa na la kusema.

"Namwambia hapana."

"Unamwambia nani hapana?"

"Daktari. Namwambia hapana, sindano hiyo simchomi, itaiangusha hata hiyo presha iliyobaki. Namwambia mimi ndiye niliyesimama hapa, nimemshika mgonjwa mkono, na mkono ni wa baridi. Namwomba aje. Asipokuja nampigia bingwa aliye juu yake, na watu wa chumba cha upasuaji nawaambia waanze kujiandaa. Akinikasirikia tutazungumza kesho. Mimi pale kitandani sibanduki."

Hajawahi kuyasema maneno hayo maishani mwake. Yalitoka bila kugongana, sauti ikajaa korido yote.

Profesa akaandika kwa muda. Mama mkwe alinyoosha shingo kana kwamba angeweza kusoma kutoka pale kwenye ndoo. Hatimaye Profesa akavua miwani, akafikicha macho.

"Mara ile nilikuangusha kwa huzuni," akasema. "Nilijua kuna mtu humo ndani, naye amekataa kutoka. Habari ya mfuniko nitaiandika kama ilivyotokea, sitaificha. Na chini yake nitaandika umefaulu. Hongera, dada. Mama, kwaheri."

Skrini ikazimika.

Kisha Sista Haraka akaachia ukelele ambao hata yeye hakujua unakaa wapi mwilini mwake. Mkaguzi akamrukia shingoni, kompyuta ikaponea chupuchupu, Tingatinga akaanza kuzunguka nyumba akipiga kila mlango kwa ngumi. Ni mama mkwe peke yake aliyebaki ameketi, uso umekaza.

"Umenikosoa mbele ya profesa," akasema.

"Mama, unisamehe, ilikuwa—"

"Unaomba msamaha wa nini tena?" Mama mkwe akainuka kutoka kwenye ndoo, taratibu kwa ajili ya magoti. "Miaka yote nimo humu ndani naamua kila kitu, usiku nalala najiuliza, huyu mkwe wangu siku nikiondoka atasimama vipi na watu? Nikakupigia mfuniko, sikujua utakuja kunirudia mwenyewe." Uso ukamlegea, macho yakajaa maji. "Haki ya nani, nimefurahi mpaka najisikia vibaya." Akaachia kigelegele kimoja kirefu kilichomtoa jirani nje, na safari hii jirani hakutuma mtu, alikuja mwenyewe.

Mkaguzi alikuwa ameshampigia baba yake. Baba watoto, kutoka barabara yoyote aliyokuwa juu yake, alipiga honi ya lori ndani ya simu, ndefu, mpaka simu ikakata.

Tingatinga alipochoka kuzunguka akaja kumvuta mama yake upindo wa sare. "Mama," akasema, pumzi juu juu, "kwa hiyo sasa umekuwa daktari?"

Mkaguzi akafungua mdomo amsahihishe, lakini mama yake alimtangulia.

"Hapana, baba," akasema. "Nimekuwa nesi."

Na alipolisikia neno hilo akaketi pale pale sakafuni, akalia kwa sauti, mbele ya watoto, mbele ya jirani, mbele ya mama mkwe, wala hakuona haya.